Keria Juu ya Paa Linalofunguka

Shemeji,

Uliniuliza ile keria ya gari imefikia wapi, na kama nawe uifunge kwenye Kombi yako. Mambo haya ya vipimo hayafai kuongelewa kwa simu, kwa hiyo kaa chini usome. Kwa ufupi: imefungwa, nimeijaribu hadi Naivasha na kurudi, na hakuna nati iliyolegea. Kwa urefu ni hivi.

Gari langu unalijua: HiAce iliyokuwa ikibeba watalii, ile yenye paa linaloinuka ili mgeni asimame atazame simba bila kutoka nje. Ukizungushia paa hilo turubai, ukaweka kitanda na jiko la gesi, unasafiri nalo popote. Taabu ni mizigo. Watu wakiwa wanne, na baiskeli zao, na meza, na viti, ndani hakuna pa kuweka mguu. Kila mtu anakwambia dawa ni keria. Ni kweli, lakini keria ya paa linalofunguka si sawa na ile ya matatu ya kwenda Kitui na magunia.

Hapa Lavington penyewe hupati fundi wa kuchomelea kando ya barabara. Ni maghorofa, mageti na miti. Lakini kuna wakati mtaa huu ulijaa wajuzi wa mambo hayo: wasafiri waliotoka Ulaya kwa magari yao wakiteremka hadi Cape Town walikuwa wakipiga kambi papa hapa, Jungle Junction, kabla haijahamia upande wa Karen. Wale walikuwa na Land Rover zenye mahema juu na Volkswagen za kulala ndani, na gari likiharibika walitengenezea hapo hapo. Siku hizi ukitaka chuma kikatwe unashuka na Gitanga Road hadi Kawangware, ambako grainda zinaanza kulia asubuhi.

Fundi niliyempata ni kijana mpole, kalamu ya chaki sikioni. Nilimwambia nataka keria ndefu, mbele hadi nyuma. Hakubisha. Alisema tu, "Mzee, fungua paa kwanza nione." Nikafungua. Akaingia ndani, akaweka viganja viwili chini ya paa, akalishusha kidogo na kulisukuma tena juu, mara kadhaa, akisikiliza springi. Halafu akatoka akanitazama. "Hili ni mlango. Nani hufunga mizigo kwenye mlango?"

Hapo ndipo penye kisa chote, shemeji. Paa la namna hii huinuliwa kwa springi au kwa shoki za gesi, na hizo zilipimwa kwa uzito wa paa lenyewe tu. Ukilibandika keria, kila usiku unainua paa na keria pamoja. Ukipitisha keria juu yake kama daraja, miguu ikiwa pande zote mbili, paa halitafunguka kabisa. Na ukitoboa paa la faiba ili upitishe bolti, umejikaribishia mvua kitandani.

Hesabu ya uzito nayo usiidharau. Skwea tyubu ya chuma ya inchi moja, geji 16, ina takriban kilo 1.1 kwa kila mita. Keria ndefu niliyokuwa nikiitaka ingekula mita kama 20, yaani kilo 22 kabla hujapakia hata mkeka. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 nyingine, hapo bado tairi la akiba. Vyote hivyo viko juu ya vichwa vyenu, na gari refu lenye uzito juu huyumba vibaya kwenye kona na kwenye upepo. Maji, mafuta na tairi ni vitu vya chini. Juu pandisha vile vyenye umbo kubwa na uzito mdogo.

Basi tukakubaliana hivi. Paa langu halifunguki lote: nyuma, juu ya mlango wa mizigo, pamebaki kipande cha bati lisiloinuka. Hapo fundi akaweka keria fupi ya baiskeli na viti. Ubavuni, upande wa kushoto, akapitisha bomba moja la kubebea chandarua cha kivuli. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mlango wetu wa kuteleza uko kushoto, upande wa kando ya barabara. Ukikaa chini ya kivuli uko mbali na malori. Wajerumani nao walifikiria hivyo hivyo zamani: Volkswagen T3 za Westfalia za miaka ya 1980 zina beseni la mizigo juu ya kichwa cha dereva, na paa linalofunguka linaanzia nyuma yake. Mizigo ina mahali pake, na paa lina mahali pake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutazamwa. HiAce ina ule mfereji wa maji ya mvua unaopita kando ya paa, na huo ndio unaoshika miguu ya keria. Fundi hakuchomelea kitu chochote kwenye gari. Alichomelea fremu chini, barazani, akaipiga rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akangoja ikauke, ndipo akapiga nyeusi. Bati la gari ni jembamba, alisema. Ukilipiga moto rangi inaungua kwa ndani usikoona, na kutu inaanzia hapo, tena kitambaa cha dari kinaweza kushika moto. Kisha akachukua tairi kuukuu, akakata vipande vya raba kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye maji ya sabuni, akaviweka kati ya kila klempu na mfereji. Raba inazuia chuma kula rangi, na inanyamazisha mlio. Kila bolti ikapata washa na nati ya kujifunga yenye plastiki ndani. Alipomaliza alining'inia kwenye keria kwa mikono miwili, miguu hewani, akacheka. "Sasa nenda."

Tukaenda. James Gichuru hadi Waiyaki Way, Kangemi, Uthiru, Kikuyu, tukapanda kuelekea Limuru ambako ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya chai. Rironi tukashika njia ya chini. Ukianza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, Mlima Longonot uko mbele yako na upepo unapiga ubavuni; hapo ndipo utajua keria yako ni ya namna gani. Yetu ilipiga mluzi. Tulisimama karibu na kile kikanisa kidogo walichojenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, tukakaza bolti zote kwa spana, kwa maana keria mpya lazima ikazwe tena baada ya mwendo wa kwanza, raba inapokuwa imejibana. Mluzi tuliuua kwa kuzungushia bomba la mbele kamba, mizunguko iliyoachana. Upepo ukikuta kamba hauimbi tena.

Hell's Gate ndiyo sababu nilitaka baiskeli juu. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, na ni miongoni mwa chache unazoruhusiwa kuzunguka kwa miguu au baiskeli, pundamilia na twiga wakikupita kando. Watoto walishusha zao getini wakapotelea upande wa mwamba wa Fischer's Tower, mimi na mke wangu tukafuata na gari polepole. Jioni kambini nilifungua paa kwa mkono mmoja, baiskeli zikiwa bado zimefungwa nyuma. Hicho ndicho kipimo: kama ni lazima ushushe mizigo ndipo ulale, keria imekushinda. Usiku ilinyesha na hakuna tone lililoingia. Tumbili tu ndio waliotusumbua. Asubuhi tuliwakuta wamekaa kwenye keria wakichokoa mikanda, na mfuko wa mkate ulioachwa kitini haukuonekana tena.

Jambo la mjini: pima kimo cha gari upya. HiAce ya paa la kawaida hukaribia mita 2, na vizuizi vingi vya maegesho ya chini ya maduka havizidi sana hapo. Andika kipimo chako kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani.

Sasa wewe uko Mombasa, na chumvi haina huruma. Usifuate chuma changu. Tafuta alumini, uzito wake ni thuluthi moja ya chuma kwa kipimo kile kile, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Lakini alumini na chuma vikigusana kwenye hewa ya bahari, alumini inaliwa; tia washa za plastiki katikati, kila mahali, usiruke hata moja. Ukiosha gari, panda na juu uioshe keria kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Fungua paa lako leo, pima lile bati lisiloinuka, urefu na upana, na kina cha mfereji, unitumie. Fundi yuko tayari kukata. Msalimie dada, na mwambie lile friji analotaka kulipandisha juu ya gari halipandi.

Wako,
Shemejio