Bahari Ndani ya Sanduku la Kioo

Huenda umepata kuona mjini, hotelini au ofisini mwa mkubwa fulani, sanduku la kioo lenye samaki wa rangi nzuri. Wengi wetu tukiona kitu cha namna hiyo twasema, "Hayo ni mambo ya wenye fedha," tukapita. Lakini mtu wa kijijini aweza kuwa na sanduku kama hilo nyumbani kwake, tena la samaki wa maji ya chumvi, ambao ni wagumu kufuga kuliko wale wa mtoni. Langu lina mwaka wa tatu sasa. Kijiji chetu kiko kilometa saba kutoka pwani, kusini ya Tanga, na maji nayaleta kwa baiskeli.

Utaniuliza faida yake, maana samaki hao hawaliwi wala hawauzwi. Mama mkwe wangu aliuza samaki zaidi ya miaka thelathini. Kwa kutazama jicho tu aliweza kukuambia samaki huyu katoka majini asubuhi au jana. Siku moja jioni aliketi mbele ya sanduku, akamwona kisamaki ameingia katika tundu la jiwe, ametulia, mapezi yakitikisika kidogo tu. Akasema, "Kumbe, mwanangu, hawa nao hulala!" Samaki wote aliowashika maisha yake yote walikuwa wamekwisha kufa. Ndivyo tulivyo watu wengi wa pwani: bahari twaijua kwa kapu na kwa chungu.

Basi, ukitaka kuanza, ujue kwanza kwamba utafuga maji kabla ya kufuga samaki. Huko baharini maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na uchafu wote huchukuliwa. Sanduku halina kupwa wala kujaa. Samaki akila, hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua yake, na amonia ni sumu. Ukijaza maji leo na kutia samaki leo, atakuwa anavuta sumu aliyoitoa mwenyewe, na baada ya siku chache utamwona juu ya maji akihema, kisha amelala ubavu.

Wanaomwokoa ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru upesi. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na kioo, lakini hawaoti kwa siku moja. Wahitaji wiki nne mpaka sita, pengine na nane. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwa kuwa watoto wanalia wakitaka kuona samaki, na baba naye anataka kuwaonyesha majirani.

Vipimo ni hivi. Mwambie fundi wa vioo akutengenezee sanduku la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6. Litachukua lita 54. Usitake refu la kwenda juu, kwa kuwa hewa huingia majini kwa kupitia uso wa maji, na maji ya vuguvugu kama yetu hushika hewa kidogo. Pamoja na mawe na mchanga litakuwa na uzito wa kama kilo 70, yaani mtu mzima amesimama juu ya meza yako usiku na mchana. Tazama miguu ya meza hiyo! Liweke mbali na jua la dirishani, la sivyo maji yatachemka na kuwa kijani. Tena usitie ndani kitu chochote cha shaba, kwani shaba huua kaa na konokono.

Maji ya bahari uyateke wakati wa kujaa, mbali na mdomo wa mto, na si baada ya mvua kubwa. Dumu liwe halijatiwa kamwe mafuta wala sabuni. Yachuje kwa kitambaa safi. Halafu tia mchanga, na mawe machache ya chokaa yaliyotupwa ufukweni na mawimbi. Usivunje matumbawe yaliyo hai. Chota na kopo moja la mchanga kutoka chini ya maji, kwa sababu huo ndio mbegu ya wale bakteria. Kisha tumbukiza kipande cha kamba kioze humo. Ndiyo, kitanuka, na jirani atauliza kuna nini. Uozo huo ndio chakula cha bakteria, nao wakizoea chakula watazaana. Baada ya muda utaona utando wa kahawia juu ya mawe, kisha wa kijani. Mjini, kwenye maduka ya samaki wa mapambo, huuzwa dawa za kupimia amonia na nitriti. Ukiweza, nunua. Samaki asiingie mpaka vyote viwili visionekane.

Kuhusu kukamata, muulize kwanza bwana samaki wa mahali penu. Kwetu Tanga kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, na mahali kama hapo huwezi kujichotea upendavyo. Ukiruhusiwa, anza na visamaki viwili vidogo kutoka katika vidimbwi vya maji kupwa, konokono wachache wa kula ukoka wa kiooni, na kaa mmoja mdogo wa wale wanaohamia katika magamba ya konokono. Basi, usizidishe. Yale maua ya bahari yenye vidole yaache, ni ya mtu aliyezoea.

Na hili uwaambie watoto kwa sauti kubwa: konokono mwenye gamba kama pia, lenye michoro ya kupendeza, asishikwe kwa mkono! Ana mwiba wa sumu, na wako wa aina ambayo imepata kuua watu.

Chakula ni kamba au samaki aliyekatwakatwa, mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili. Kila wiki nateka lita tano za maji ya zamani na kutia tano mpya kutoka baharini, kuondoa ile nitrati. Lakini angalia: maji yanayopungua kwa joto yasijazwe kwa maji ya bahari. Maji hupaa, chumvi hubaki. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na ukijaza kwa maji ya chumvi kila siku, itazidi mpaka samaki ashindwe. Piga alama kiooni, na upungufu ujaze kwa maji ya mvua.

Mimi natumia kipampu kidogo cha umeme cha kupuliza hewa. Umeme ukikatika, tunachota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, kwa zamu, mimi na watoto. Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne wa London alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay, akayaweka hai mjini, na mtumishi wake alikuwa akimimina maji huku na huku mbele ya dirisha ili yapate hewa. Pampu hazikuwapo, na bahari ilikuwa mbali kuliko yangu.

Masika yakikaribia, weka akiba ya madumu mawili au matatu mahali penye giza, maana bahari ya pwani huchafuka matope kwa majuma mengi. Na ukichoka, usimwage. Samaki uliyemkamata mwenyewe umrudishe katika dimbwi lile lile, jioni, maji yanapoanza kujaa. Aliyenunuliwa dukani usimtie baharini, kwa ajili ya magonjwa. Huyo mtafutie mfugaji mwingine.