Bei ya Haki

Siku moja tuliwaleta watoto wa Kizito-Anuarite kutoka Kasomeno kwenye bustani ya michezo mjini Lubumbashi. Bei ya tiketi ilikuwa imepanda. Mlinzi wa mlango alitaja mafuta ya jenereta, nami sikubisha. Kabla watoto hawajazunguka mara tatu, bembea ya mashine ikasimama, wakabaki juu nusu saa. Baadaye tulisikia kwamba asubuhi pia ilikuwa imesimama hivyo, lakini tiketi ziliendelea kuuzwa bila onyo.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba muuzaji aweza kuongeza bei ikiwa kuuza kunamtia hasara, lakini akificha kasoro ya kitu anatenda dhambi. Basi kupanda kwa bei peke yake si dhuluma. Kuficha ubovu ndiko dhuluma.

Nilidai fedha zetu kwa sauti kubwa. Ndipo mtoto mmoja akaninong'oneza: "Baba katekista, nasi tulisema nina miaka 10." Alikuwa na miaka 12. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo, ili alipe nusu.

Nilirudi mlangoni, nikalipa iliyobaki. Kisha nikadai fedha zetu tena, kwa sauti ya chini.

Nanyi, kabla ya kudai haki yenu, tazameni mna deni gani.