Laini Isiyo na Kadi

Akina mama wenzangu, mwaka 2024 nilikwenda London kumuuguza binti yangu aliyejifungua, nikamwacha kitindamimba mwenye pumu na baba yake. Nyumbani, kwa Wi-Fi, niliweka eSIM, yaani laini ya intaneti isiyo na kadi. Kadi yangu ya Tanzania ilibaki ndani, ujumbe wa benki usinipite.

Kufika Heathrow, intaneti haikushika! Kumbe kwa kuogopa gharama nilizima rominga ya laini zote mbili. Ya nyumbani ndiyo ya kuzima. Ile ya eSIM huwashwa. Nikaiwasha.

Treni ya Piccadilly ilipotoka chini ya ardhi, ujumbe ukaingia: “Mama Neema, mtoto amebanwa kifua.” Nikapiga kwa WhatsApp, nikamwelekeza baba namna ya kumvutisha dawa, nikasikiliza pumzi mpaka zikatulia.