Kadi Mbili, Lango Moja

Mgonjwa anayesubiri majibu ya eksirei hana haja na intaneti. Picha imepigwa jengo hili, daktari amekaa jengo la pili, na kati yao kuna waya, swichi na seva, vyote ndani ya uzio mmoja wa hospitali. Ikiwa picha hiyo inachelewa kwa sababu kuna mtu masijala anapakua filamu, au kwa sababu laini ya nje imekatika, wa kulaumiwa si mtoa huduma ya intaneti. Tatizo liko katika namna mtandao wa ndani ulivyopangwa.

Ninafanya kazi ya TEHAMA katika hospitali ya wilaya, na jambo ninalolitetea kila ninapopata nafasi ni kwamba shughuli za ndani zipite njia yake na intaneti ipite njia yake. Penye fedha, kazi hiyo hufanywa na ruta nzuri na swichi zinazogawanyika kwa VLAN. Swichi zetu nyingi ni za kawaida, huwezi kuzipangia chochote, na ruta yetu ya intaneti ni kile kisanduku cha 4G chenye laini ya simu ndani. Kilichotufaa ni kadi ya pili ya mtandao. Wachache wanaohitaji nje, yaani watu wa madai ya bima, bohari ya dawa na ofisi ya mganga mfawidhi, kompyuta zao zina kadi mbili: moja imechomekwa kwenye swichi ya ndani, nyingine kwenye ruta ya 4G. Kompyuta nyingine zote zina kadi moja tu ya ndani, na intaneti hazina kabisa.

Kwenye kompyuta ya mezani kadi ya pili huchomekwa ndani, kwenye nafasi ya PCI Express. Kwenye laptopu tunatumia adapta ya USB, na hiyo ninaiweka upande wa intaneti. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na 4G yetu haiukaribii mwendo huo hata usiku wa manane. Kadi iliyokuja na mashine, yenye gigabiti 1, ibaki ndani, kwenye picha za eksirei. Picha moja ya kifua inaweza kuwa na megabaiti 10 na zaidi, na daktari hufungua nyingi kwa mpigo.

Wengi hununua kadi, huchomeka waya, kisha huona mambo yameharibika kuliko mwanzo. Simu zinaanza: "Kaka, intaneti inakuja na kupotea." Karibu kila mara sababu ni kwamba kadi zote mbili zimepewa lango. Lango ni anwani ambayo kompyuta huipelekea kila kitu isichojua kilipo. Seva ya ndani inaijua, maana iko kwenye mtandao uleule wa kadi, kwa hiyo haihitaji lango kuifikia. Dunia nyingine yote haiijui, na kwa hiyo inahitaji lango moja, nalo ni ruta ya 4G. Ukijaza lango na kwenye kadi ya ndani, umeiambia kompyuta kwamba ina njia mbili za kutoka nje, ilhali moja haitoki.

Hapo Windows huchagua kwa namba iitwayo metriki, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Ikiachwa ijipangie, hutazama kasi ya kiungo: kadi yenye kasi zaidi hupewa namba ndogo zaidi. Sasa kadi ya ndani imeshikana na swichi kwa gigabiti 1, na ya nje ni ya megabiti 100, au ni Wi-Fi. Windows inaipendelea ya ndani, na maombi ya intaneti yanapelekwa kwenye mtandao usio na pa kutokea. Ni barabara pana ya lami inayoishia ukutani. Kompyuta haijakosea hesabu. Kasi ya waya haisemi waya unaelekea wapi. Hilo analijua fundi, na ni juu yake kuliandika: kadi ya ndani ipewe anwani kwa mkono, na kisanduku cha lango kiachwe kitupu.

Anwani zenyewe nazo zina mtego. Tangu mwaka 1996, waraka wa RFC 1918 umetenga mafungu matatu kwa mitandao ya ndani: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Ruta nyingi za dukani hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa na mtandao wa ndani wa 192.168.1 na ruta ya nje ya 192.168.1, kompyuta haiwezi kujua seva iko upande upi. Mtandao wetu wa ndani upo kwenye fungu la 10, na hatari ya kugongana na kisanduku kitakacholetwa kesho ni ndogo. Maabara ipo kwenye kipande kingine nyuma ya ruta ya ndani, kwa hiyo nimeiandikia njia yake ya kudumu kwa amri ya route -p add. Njia hiyo inatosha bila kurudisha lango la pili.

Jambo moja huwasumbua hata mafundi wazoefu. Mtandao usio na lango Windows huuita usiotambulika, na huuweka kwenye kundi la mitandao ya hadhara. Ngome yake (firewall) inafunga, na mafaili ya ndani hayafikiki ingawa waya ni mzima. Dawa ipo kwenye sera za usalama za kompyuta: mitandao isiyotambulika ihesabiwe kuwa ya binafsi. Upande wa nje ubaki wa hadhara. Huko pia ninaweka alama kwamba muunganisho unalipiwa kwa kiasi, ili Windows isimalize bando kwa masasisho saa za kazi.

Ila mtu asidhani kadi mbili ni ulinzi. Kompyuta hiyo inagusa pande zote mbili. Usiziunganishe kadi ziwe daraja, usiwashe upitishaji wa pakiti, na kwenye Linux net.ipv4.ip_forward ibaki 0. Hata hivyo, kirusi kikishaingia kwenye mashine hakihitaji daraja. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia huduma ya kushirikiana mafaili ya Windows, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Ndiyo maana kwenye kadi ya nje ninaondoa kabisa huduma ya kushirikiana mafaili na printa. Mashine hizi chache ndizo ninazozisasisha kwanza.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kwetu madai ya bima yalisimama, na barua pepe zikasubiri. Mapokezi yaliendelea kuandikisha wagonjwa, maabara ikatuma majibu, na daktari akafungua picha zake kama siku nyingine.

Fundi mwenzangu, ikiwa una kompyuta yenye kadi mbili, andika route print na utafute mistari inayoanza na 0.0.0.0. Ukikuta miwili, futa lango la kadi ya ndani leo, kabla hujanunua kifaa kingine chochote.