Mnabeba Nini?

Upondo ulipokwama kwenye tope, nilikuwa na kama sekunde mbili za kuamua. Boti ilikuwa inakwenda mbele, upondo umebaki nyuma, na mimi katikati nimeukumbatia kama mtu aliyepanda mnazi akaogopa kushuka. Kila aliyewahi kunifundisha alisema neno moja: ukikwama, achia upondo, usiachie boti. Sikuachia. Mtoto wa Rufiji niachie upondo mbele ya Waingereza? Boti ikaenda zake na rafiki zangu watatu na stroberi zao mapajani. Nikabaki nimening'inia juu ya mto Cam. Kisha polepole, bila haraka yoyote, upondo ukaanza kulala.

Maji yalinifika kifuani na yalikuwa baridi, ingawa ilikuwa Juni. Juu ya daraja la chuo cha Clare, ambalo limesimama pale tangu 1640, watalii walipiga makofi. Mmoja aliomba nirudie kwa sababu simu yake haikuwa tayari.

Nilikuwa Cambridge kwa mwaka mmoja, nasomea shahada ya uzamili kwa ufadhili. Mitihani ikiisha, mji mzima huhamia mtoni. Boti zenyewe si za ajabu: urefu kama mita saba, upana haufiki mita moja, chini bapa kabisa, hazina mkuku wala usukani. Mwendeshaji husimama kwenye tezi, juu ya kijukwaa cha mbao kinachoteleza, akaisukuma kwa mti wa karibu mita tano. Oxford wana boti hizo hizo, ila wao husimama ndani, upande wa pili, na kila mji huamini kwamba mwenzake ameigeuza boti nyuma mbele.

Siku ya kwanza, rafiki yangu Mkenya aliponiambia, "Wewe si mtu wa Rufiji? Shika basi," nilisema najua. Huo ulikuwa uongo.

Mtu asidhani kwamba mto huu ni wa kustarehe kama unavyoonekana kwenye kadi za posta. Kipande kinachopita nyuma ya vyuo vikongwe hakifiki kilomita mbili, na Jumamosi ya kiangazi kila mtu yumo humo humo. Zimo boti pana za waongoza watalii, zimejaza watu kumi na wawili chini ya mablanketi. Zimo familia zilizokodi kwa saa moja, ambazo dakika arobaini kati ya hizo huzungukia mahali pamoja kama jani kwenye ndoo. Kuna bwana harusi mtarajiwa na wenzake saba, wote wamesimama kwa wakati mmoja. Kuna bata wasioogopa mtu. Sheria ni kukaa kulia, lakini wengi hawajui kulia ni wapi wakiwa wameshika mti wa mita tano. Basi boti moja inakaa mshazari chini ya daraja, ya pili inaigonga ubavuni, ya tatu inaziba nyuma, na foleni inakuwa ya Ubungo kabisa, ila hakuna honi. Badala ya honi, kila mtu anasema samahani.

Na maji yanateremka. Hili hakuna aliyeniambia. Kila ukiinua upondo, maji yanashuka nao, yanaingia kwenye mkono wa shati, yanapita kwapani mpaka kiunoni. Baada ya nusu saa umelowa bila kuanguka. Matawi ya mierebi yanakupiga usoni. Darajani kuna vijana wanaousubiri upondo wako upite, waushike kwa mzaha.

Hata hadithi huwezi kuzikwepa. Kwenye daraja la mbao la chuo cha Queens', wanaloliita Daraja la Hisabati, nimemsikia mwongozaji mmoja baada ya mwingine akieleza kwamba lilibuniwa na Isaac Newton bila msumari hata mmoja, kisha wanafunzi wakalifungua, wakashindwa kulirudisha. Newton alifariki 1727 na daraja lilijengwa 1749. Lakini mwongozaji anasema, watu kumi na wawili wanaguna kwa mshangao, na mimi nyuma yao nasubiri wapite.

Sasa nimtaje baba.

Baba yangu amepiga pondo kwenye delta ya Rufiji zaidi ya miaka thelathini. Kwenye vijito vyembamba vya mikoko tanga halifai na kafi halina nafasi. Upondo ndio kila kitu. Alitoa boriti msituni mpaka kwenye mashua zilizosubiri maji makuu. Alibeba magunia ya mpunga, walimu wapya na masanduku yao, wajawazito wanaokimbizwa zahanati. Bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na akivaa kanzu ya Idi linaonekana hata kwa mgeni.

Hakuniruhusu kushika upondo hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilikaa omo na kopo la kukumbia maji, nikayajua majina ya kila kitu, tezi na ngama na mataruma, lakini nikinyoosha mkono kwenye mti wenyewe aliniambia, "Uache. Nakusomesha usije kuushika huu." Kwa hiyo nilikulia majini na sikujua kuendesha chombo. Hiyo ndiyo aibu niliyoificha kwa kusema najua.

Kumbe mmoja wa rafiki zangu alinirekodi nikianguka. Nikamtumia dada yangu tucheke. Dada akamwonyesha baba. Jioni ile ile baba akanipigia, na baba huwa hapigi simu, hupigiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeona picha. Hukuumia?"

"Sikuumia."

"Chombo hicho mnabeba nini?"

"Watu tu, baba. Rafiki zangu."

"Unawavusha?"

"Hapana, tunatembea."

"Mnakwenda wapi?"

"Mpaka daraja la mwisho. Halafu tunageuza, tunarudi tulikotoka."

"Wanakulipa kiasi gani?"

"Sisi ndio tunaolipa, baba. Kwa saa."

Pakawa kimya mpaka nikadhani bando limeisha. Kisha akasema, "Haya. Soma, mwanangu," akakata.

Nililala vibaya usiku ule. Nilijaribu kuiona picha ile kwa macho yake. Mtu ametoa bega lake ili mwanawe asishike mti. Mwana amepanda ndege, amefika chuo ambacho jina lake baba hawezi kulitamka, na huko ametoa pesa mfukoni ili aushike mti ule ule, hana mzigo wala abiria anayemwahi, na ameuangukia. Wazee wanasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilijiona nimerejea ngamani.

Wiki mbili sikwenda mtoni. Nilipita darajani kwa baiskeli nikitazama mbele.

Kilichonirudisha ni farasi. Nilikuwa maktaba, nakwepa kuandika tasnifu, nikaanza kusoma habari za mto huu. Nikakuta kwamba kabla ya reli kufika Cambridge mwaka 1845, Cam ulikuwa mto wa mizigo. Mashua zilipanda kutoka King's Lynn, karibu na bahari, zikiwa na makaa ya mawe na nafaka na mbao, mpaka kwenye vinu vya kusaga juu ya mji. Zilivutwa na farasi. Ila vyuo havikutaka farasi wala wachukuzi wapite kwenye bustani zao. Basi ikajengwa njia ya kokoto ndani ya mto wenyewe, chini ya maji, na farasi wakatembea humo wakilowa matumbo, huku wenye vyuo wakibaki na nyasi zao. Reli ilipokuja, kazi ikahama. Boti bapa nazo zilikuwa za kazi, za wavuvi na wakata matete wa mabwawa ya kule kaskazini. Starehe ilizikuta zimekwisha tengenezwa.

Siku iliyofuata nilichukua boti ya chuo saa kumi na mbili asubuhi, peke yangu. Nyuma ya chuo cha King's nikaanza kupapasa chini. Tope. Tope. Tope. Halafu upondo ukagonga kitu kigumu, na mtikisiko wake ukapanda mpaka kiganjani. Kokoto. Nikasogea hatua chache nikagonga tena. Ile njia bado ipo. Sijui nilikaa pale muda gani, nagonga tu, kama mtu anayebisha hodi.

Jumapili nikampigia baba, nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Farasi ndani ya maji?"

"Ndiyo, baba."

"Mamba je?"

"Hakuna mamba huku."

"Ahaa," akasema, kama vile jambo kubwa kuhusu Ulaya limejieleza. Kisha, baada ya kimya: "Ile picha yako nimeitazama tena. Unasukuma kwa mikono."

"Nisukume kwa nini?"

"Kwa miguu. Mikono ni ya kuongozea. Na usiuchomeke upondo kama unachoma samaki. Uache uanguke wenyewe, karibu na ubavu wa chombo. Ukigusa chini, ndiyo uegemee. Na kabla hujautoa, uzungushe kidogo. Tope linashika anayevuta, anayezungusha linamwachia."

Ndivyo nilivyofundishwa kupiga pondo, na baba yangu, kwa simu, nikiwa na miaka ishirini na saba. Kila wiki nilimtumia video na kila Jumapili alinisahihisha. Dada alimshikia simu. Alinikataza kutazama miguu yangu. Alinikataza kuupigania mkondo. Aliniambia upondo ukishamaliza kusukuma uuache uelee nyuma, ndio usukani wako. Hakurudia tena swali la tunabeba nini.

Mwili ulijifunza kabla yangu. Kuna asubuhi moja mwishoni mwa Julai, juu ya vinu, upande wa mto unaokwenda kijiji cha Grantchester ambako malisho yanafika mpaka majini na boti ni chache. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye umande. Niliacha upondo uanguke, nikaegemea, nikazungusha, nikauacha uelee. Boti ikateleza bila sauti, nyoofu, nami nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimefikiri chochote, si tasnifu, si viza, si bei ya nauli ya kurudi. Begani nilisikia maumivu madogo. La kulia.

Jumapili ile nilimuuliza baba swali ambalo sikupanga kuliuliza.

"Baba, wewe hukuwahi kutembea tu? Bila mzigo?"

Alicheka kwanza. Halafu akateremsha sauti. "Siku za bamvua," alisema, "magharibi, maji yamejaa mpaka kwenye matawi na mwezi mpevu ndio unapanda. Umeshapakua boriti zote, chombo kitupu, chepesi. Unakijua kile kijito kinachozunguka nyuma ya kijiji?"

"Nakijua. Kinapotea mbali sana."

"Nilikuwa napita huko. Mama yako namwambia maji yalikuwa mabaya."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama: "Nini? Maji gani?" Baba akasema hakuna kitu, anaongea na mtoto. Nikakumbuka jioni zile, sisi watoto tumekaa mkekani, wali umefunikwa kwa kawa, mama anatoka nje kila mara kutazama mtoni. Sikujua kama nicheke au nimlaumu. Miaka yote nilidhani mto ule ulimchukua tu. Hakuwahi kutuambia kwamba kuna jioni alijichukulia chake, kidogo, kwa siri, kama mtu anayekula kiporo jikoni.

Mwenyewe sasa sijui nilimkosea au sikumkosea. Bega lake halitapanda. Na starehe yangu ni kweli imelipiwa, tena si kwa saa. Lakini nadhani lile kimya la simu ya kwanza nililisoma vibaya. Nilisikia aibu. Huenda alikuwa anashangaa tu kwamba kuna mahali mtu anapita njia ndefu mchana kweupe, watu wakimwona, na hana haja ya kumdanganya mkewe.

Jumamosi yangu ya mwisho niliwachukua tena rafiki zangu watatu. Mto ulikuwa umejaa vile vile. Newton alijenga daraja lake mara nne tukiwa tunasubiri kupita. Chini ya daraja la Clare boti moja ilikuwa mshazari, na kwenye tezi yake kijana mmoja amevaa kofia ya majani, upondo umezama kwenye tope nyuma yake, boti inakwenda, naye ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Achia!" nilimpigia kelele. "Achia upondo!"

Alinitazama. Ndani ya boti alikuwepo mzee, pengine baba yake, amejigeuza anamwangalia. Nikajua hataachia.