Wazimu Wako Mathari

Kilichopofusha wengi siku ile ni kutaka kujua. Washambuliaji walitupa guruneti kwanza pale ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Haile Selassie na Moi, na watu wa ofisi za jirani wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Muda si muda lori likalipuka, vioo vikawapasukia usoni. Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu na ushei asubuhi. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Barabara ya Tom Mboya, dawati langu likiwa upande wa ukuta.

Jinsi jengo jirani la Ufundi lilivyoporomoka, jinsi matatu na magari ya watu binafsi yalivyokimbiza majeruhi Hospitali ya Kenyatta, na foleni za waliojitolea damu, yote yamesimuliwa sana. Watu 213 walikufa Nairobi na zaidi ya 4,000 wakaumia. Mimi nakumbuka zaidi miezi iliyofuata, kule Kangemi nilikokuwa nikiishi, miongoni mwa watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa majeruhi.

Jirani yangu alikuwa tarishi mjini. Hakukwaruzwa hata kidole. Lakini kufika Septemba alikuwa akishuka matatu pale Museum Hill, kabla ya kufika mjini, anasimama kando ya barabara, kisha anavuka kutafuta gari la kurudi nyumbani. Gurudumu likipasuka Waiyaki Way, analala kifudifudi. Kazi ikamponyoka. Kodi ya nyumba ikachelewa, busaa ikaingia, na mkewe akaanza kuja kulala kwangu na watoto. Mtaani walisema amerogwa. Kanisani walisema aombewe. Nilipomwambia kuna watu mjini wanaosikiliza wenye shida kama yake, alinikata kauli: "Dada, mimi si wazimu. Wazimu wako Mathari."

Wengi waliamini hivyo hivyo: shida za akili ni za waliolazwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Chama cha Madaktari cha Kenya kilikuwa kimeanzisha mpango wa Operation Recovery kwa ajili ya kutibu majeraha ya nafsi, na washauri walikuwepo. Lakini ushauri nasaha ulikuwa jambo geni. Mtu mzima, tena mwanamume, aende kumlilia mgeni? Na nauli ya kumfikisha huko inatoka wapi, ikiwa kazi yenyewe imekwisha?

Baadhi yetu katika jumuiya ndogondogo za kanisa tulifundishwa misingi ya kusikiliza: usimkatize, usimhubirie, usimwambie "jikaze". Hilo la mwisho lilitushinda kwa muda mrefu, maana ndilo neno tulilolelewa nalo. Tulipowaita watu kwenye ukumbi wa kanisa, walikuja wanawake pekee. Wanaume tuliwapata kwa kuwafuata: kwa kinyozi, kwa fundi wa viatu, penye mchezo wa drafti. Mwanamume wa Kangemi hakutazami usoni akieleza hofu yake, ila mikono ikiwa na shughuli ataeleza. Tarishi yule alianza kusema akiwa anatengeneza kiti changu kilichovunjika, na kiti kile kilichukua wiki nyingi kutengenezeka.

Mwaka 2004, daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa Wakenya 2,883, waliohojiwa kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili za msongo wa baada ya mshtuko. Kati ya mambo yaliyohusiana na dalili hizo walitaja kuumia na kufiwa, jambo lisilomshangaza mtu, lakini pia kukwama kifedha na kutomsimulia rafiki yaliyokupata. Niliposoma hayo niliona Kangemi nzima.

Mambo yamebadilika. Jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa Septemba 2013, pale Westlands, Msalaba Mwekundu uliweka washauri karibu, katika kituo cha Visa Oshwal, siku zile zile, na hakuna aliyewaita wazimu walioingia. Ila huduma hizo huwafikia walio karibu na tukio, katika siku za mwanzo, ilhali jirani yangu aliugua wiki kadhaa baadaye, tena Kangemi. Kwa hiyo, msomaji, kama mtaani kwenu yupo aliyekuwa mjini Agosti ile, au Westgate, usingoje aje kwako. Mpelekee kiti kilichovunjika.