Kwa Mpwa Wangu Aliyeko Boston

Unguja, mwezi wa Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, nami nimeisoma kwanza peke yangu, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya mama yako, ambaye alitabasamu kila ulipotaja kwamba umekula vizuri na kwamba umekwisha kununua koti zito. Sisi huku hatujambo. Upepo wa kusi umekwisha nguvu, na mvua za vuli zimeanza kunyesha kidogo kidogo nyakati za alasiri.

Umeniandikia habari za matembezi yako, kisha ukaniomba radhi kwa kuziandika, ukichelea kwamba sisi wazee tutadhani umekwenda ughaibuni kufanya kazi ukaishia katika anasa. Iondoe dhana hiyo moyoni mwako. Kijana anayeamka alfajiri siku tano za juma akaenda kuinamia hesabu za watu, akalipa kodi ya nyumba yake kwa wakati, akamkumbuka mama yake kila mwisho wa mwezi, kisha Jumamosi akapanda gari pamoja na wenziwe kwenda kutazama miti, huyo hakumdhulumu mtu, wala furaha yake haina haja ya kuombewa msamaha kwa yeyote. Kuvitazama viumbe vya Mola kwa utulivu na tafakuri ni jambo tulilohimizwa; na mtu anayeona haya kwa furaha ya halali aghalabu huja akaitafuta furaha ya kificho, ambayo ndiyo yenye madhara.

Umeniuliza pia, kwa kuwa nilisomesha elimu ya viumbe, kwa nini majani ya huko hugeuka rangi yote kwa pamoja, ilhali huku kwetu ni mkungu tu unaoangusha majani mekundu uani. Sababu ni hii: mchana unapofupika na usiku unapoanza kupoa, mti huacha kuitengeneza ile rangi ya kijani ambayo kwayo jani hupokea nuru ya jua na kujipatia chakula, na kijani kikishatoweka, umanjano uliokuwamo ndani ya jani tangu lilipochanua hupata nafasi ya kuonekana. Walakini ule wekundu ulioniandikia kwa mshangao mkubwa, wa miti ambayo utomvu wake watu wa huko huuchemsha ukawa shira, hauna historia hiyo. Huo hutengenezwa upya katika siku zile zile za mwisho, kutokana na sukari iliyosalia ndani ya jani, na huwa mkali zaidi mwaka ambao mchana una jua safi na usiku una baridi isiyofikia kugandisha maji. Ndiyo maana miaka miwili haifanani, na ndiyo maana siwezi kukushauri uiahirishe safari yako ya New Hampshire hadi mwakani, hata kama kazi ni nyingi. Nenda.

Lakini liko jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu niliposoma barua yako. Umenitajia ile njia ya Kancamagus inayopita milimani kutoka Lincoln hadi Conway, ukanitajia ziwa la Walden na mlima Monadnock, ukaniandikia mwendo wa kila safari kwa maili na gharama ya petroli, pamoja na orodha ya vilele unavyoazimia kuvipanda kabla hujatimiza miaka thelathini. Nami nikayafuata majina hayo kwa kidole katika ramani, moja baada ya jingine, nisilikose hata moja. Ama watu uliokwenda nao, sikuona jina la mmoja wao. Umewaita "marafiki", ukapita.

Huenda ni kasoro ya kalamu tu, lakini nakusihi uliangalie jambo hilo kwa nadhari. Wazee wa pwani hii, waliokuwa wakikaa baharini juma kwa juma ndani ya jahazi moja, walimtafuta rafiki kwanza ndipo wakaulizia njia, kwa kuwa walijua kwamba hulka ya mtu haionekani karamuni. Huonekana njiani, gari linapoharibika, chakula kinapopungua, na mmoja anaposema kwamba amechoka. Basi mtazame anayepunguza mwendo ili asiyeweza amfikie. Mtazame anayetoa sehemu yake ya gharama bila ya kukumbushwa, na anayesimama kando kwa adabu wakati wewe unaposali, asikuharakishe wala asikuulize maswali ya kukudhihaki. Ukimpata wa namna hiyo, mshike, hata kama hajui jina la mlima hata mmoja. Na wewe kadhalika uwe ni wa namna hiyo kwao, kwani suhuba haidumu kwa upande mmoja.

Nasema hivi hasa kwa sababu ya ule Mount Washington unaoutamani. Nao ni mlima wa mita 1,917 tu, ambao mtu aliyekulia akisikia habari za Kilimanjaro anaweza kuudharau. Na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa maana juu ya kilele hicho, tarehe 12 Aprili 1934, waangalizi wa hali ya hewa walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na theluji huweza kuanguka huko wakati mabondeni watu wangali wakichuma matufaha kwa mikono mitupu. Usiupande na mtu ambaye fahari yake ni kufika. Upande na wale mliokubaliana tangu chini kwamba aliye dhaifu kuliko wote akisema "turudi", wote watarudi bila ya manung'uniko.

Sasa nina ombi. Mji wa Salem uko karibu nawe, mwendo wa kama nusu saa kwa treni, nami nataka uende huko pamoja na wenzako. Najua kwamba mwezi huu wa Oktoba mji huo hufurika watu waliovaa mavazi ya kichawi, kwa sababu ya kesi zile za uchawi za mwaka 1692, ambapo majirani walitoa ushahidi juu ya majirani zao hata watu 20 wasio na hatia wakauawa, 19 kwa kitanzi na mzee mmoja kwa kugandamizwa kwa mawe. Mimi sioni mzaha katika msiba huo. Nendeni kwenye mabenchi ya mawe yaliyowekwa mwaka 1992 kwa ukumbusho wao, ambayo kila moja lina jina la mmoja wa waliouawa, mkayasome majina hayo polepole.

Kisha shukeni bandarini, kwani hapo pana habari zenu na zetu pia. Manahodha wa Salem walikuwa wakizunguka Rasi ya Tumaini Jema kuja Unguja kununua pembe, ngozi, karafuu na sandarusi iliyochimbwa Mrima, nao wakatuletea ile nguo nzito ya pamba ambayo bibi zetu waliiita merikani. Sayyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 akaja Richard Waters, mtu wa Salem, kuwa konseli wao hapa, miaka minne kabla ya Waingereza kumleta wa kwao. Na vitu ambavyo manahodha hao waliviweka katika chama chao, kilichoundwa 1799, ndivyo vilivyokuwa chanzo cha makumbusho ya Peabody Essex utakayoyaona hapo mjini. Wala sisi hatukukaa pwani tukingojea wageni tu. Mwaka 1840 Sayyid alimtuma katibu wake, Ahmad bin Naaman, katika merikebu Sultana, ambayo iliondoka Unguja, ikazunguka Afrika, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili ikiwa imesheheni tende, kahawa, pembe na karafuu. Umati ukamiminika kuwatazama mabaharia, mchoraji Edward Mooney akamchora katibu huyo na kilemba chake, na serikali ya Marekani ikaitengeneza merikebu yote bila ya kutaka malipo. Wasimulie rafiki zako habari hizi mkiwa mmesimama pale gatini, kisha uwaombe nao wakusimulie za wazee wao, usikilize hadi mwisho.

Kuhusu ule mtihani wa uhasibu wenye sehemu nne ulionitajia sina mengi ya kusema, kwa sababu azma unayo na akili Mungu amekupa. Chagua tarehe ya sehemu moja, uilipie, na usimtangazie kila mtu.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za huko zitarudishwa nyuma, na ikifika Desemba jua litakuwa likizama kama saa kumi na robo jioni. Miti itakuwa mitupu, njia za milimani zitakuwa na barafu, na hapo ndipo wageni wengi katika nchi za baridi hujifungia vyumbani wakaanza kudhoofika nafsi. Usingojee mwaliko. Waite nyumbani kwako hao hao mliotembea pamoja, uwapikie, uwape kahawa, mkae hadi usiku. Na ukiniandikia tena, nataka nimjue kila mmoja kwa jina lake na kwao.

Mama yako anakusalimu sana. Bizari ya pilau amekwisha kuikaanga na kuisaga, na imo ndani ya mkebe. Jirani yetu anasafiri kuja huko mwezi ujao, naye amekubali kuichukua.

Wasalaam,
Ni mimi mjomba wako